Iache Injini Igonge

Ndanda,
14 Januari 2024

Mpwa wangu Demetria,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tunaamka, na siku hizi nikiamka nashukuru kwanza, ndipo natafuta viatu. Magoti yananilalamikia. Mvua ilichelewa lakini imekuja, mahindi yameota, na nguruwe pori nao wameshapata habari. Mke wangu Mauwa yupo. Msalimu mumeo Edgar, mwambie kile kitanda alichotutengenezea mpaka leo hakijalia.

Usinipigie simu, utajisumbua bure. Simu yangu iliingia kwenye mtungi wa maji, na sina mpango wa kununua nyingine. Ukitaka kunijibu andika, umpe Khalfani, yule kondakta wa basi la Masasi. Ataiacha dukani hapa njia panda.

Sasa nikuambie la maana. Landrova imekufa. Ilinizimikia kwenye mlima wa Chiwata ikitoa moshi, ikakokotwa na trekta hadi nyumbani kama ng'ombe mgonjwa. Fundi wetu Adelard ameifungua, akaangalia, akaifunga, akasema hiyo si kazi yake. Basi nimemwambia aishushe injini yote. Gregori anakuja Dar na lori la korosho, ataishusha hapo kwako Charambe. Wewe ni mtoto wa dada yangu na ni fundi, sina wa kumpelekea mwingine.

Ninachotaka ni kwamba injini ifufuke. Usiitie mambo mapya. Hata ekzosi nimekutumia ile ile, uirudishe ile ile. Na usichelewe, mpwa wangu. Usichelewe.

Mjomba wako,
Gaspar


Mbagala Charambe,
18 Februari 2024

Shikamoo mjomba. Mpe na Mama Mauwa shikamoo yangu.

Huku joto halielezeki. Edgar yuko na vitanda vyake Keko, anarudi jioni na vumbi la mninga mpaka kwenye nyusi. Mie mgongo unanisumbua lakini ukisema mgongo unakuuma hapa mjini wanakuuliza, sasa ulitaka ukuume nini?

Injini imefika. Gregori aliishusha mchana watu wote wako uani, mama mwenye nyumba akafikiri nimeleta tangi la maji, akafurahi, masikini. Nimeiweka juu ya matairi karibu na kamba ya kuanikia nguo. Mpangaji mwenzangu Tunu kaniapia kwamba shuka lake likipata tone la oili nitalifua mimi. Pale gereji Tandika bosi wangu hataki kazi za ndugu, kwa hiyo nafanya hapa hapa nyumbani, Jumapili baada ya misa, na jioni nikirudi na nguvu. Nguvu zenyewe siku hizi sijui zinaishia wapi.

Mjomba, nimeifungua. Mungu wangu! Silinda zimelika, pistoni moja imepasuka, hedi imepinda. Halafu kuna valvu moja imelegea mpaka aibu, nadhani ndiyo ile iliyokuwa inagonga tangu nikiwa mdogo: tak, tak-tak, tak, tak-tak. Na ile ekzosi uliyoiunga kwa bomba la maji! Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Nina ushauri, usinikasirikie. Tuiache hii ipumzike. Injini ya Haisi ya dizeli inapatikana hapa mjini, nyepesi, spea zake ziko kila kona, na watu wanazifunga kwenye Landrova kila siku. Utapanda Chiwata unaimba.

Mbona Mama Mauwa hajaniagizia neno? Huwa hakosi hata kunisema kwamba nimekonda.

Mpwa wako,
Demetria


Ndanda,
24 Machi 2024

Demetria,

Salamu zako nimezipata. Barua ilikaa dukani muda mrefu kwa sababu sikuweza kutoka nyumbani.

Haisi sitaki. Hata ukinipa bure, sitaki.

Fufua hiyo hiyo. Ukilazimika kubadilisha pistoni badilisha, hizo hakuna anayezisikia. Lakini mlio wake niukute. Hiyo valvu unayoicheka iache igonge. Ekzosi iache ilivyo. Mimi ndiye ninayepanda gari hilo, si wewe, na najua ninachokitaka.

Mama yako Mauwa yupo. Mvua ni nyingi.

Gaspar


Mbagala Charambe,
2 Juni 2024

Shikamoo mjomba wangu mpendwa!

Leo nakuandikia nikiwa na mikono michafu makusudi, ili uone alama za oili kwenye karatasi ujue sikudanganyi. Huku wote wazima. Mafuriko ya masika yaliingia mpaka uani, tukaibeba injini na Edgar na Tunu na mumewe, tukaipandisha kwenye meza, Tunu akisema mwaka huu ameolewa na Landrova. Pistoni mpya nilizitafuta Gerezani mpaka soli ya kiatu ikaisha. Silinda zimechongwa, hedi imenyooshwa, kila kitu nimekiosha kwa dizeli kwa mikono yangu hii.

Mjomba, imewaka! Jumapili iliyopita, mara ya kwanza tu, hata haikukohoa. Na haigongi! Ile valvu yako nimeiwekea vyuma vipya, nimeipima nikairudia, sasa imetulia kabisa. Najua ulisema niiache. Lakini mie fundi, mjomba, nitaachaje injini igonge? Kwenye ekzosi nimekufungia nyingine yenye silensa nzuri. Mama mwenye nyumba alipita pale inaunguruma, akaniuliza lini nitaiwasha.

Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikaa chini kwenye ndoo nikaisikiliza, nikalia kidogo, sikufichi. Nimechoka lakini ni uchovu wa furaha. Niambie lini Gregori anakuja.

Demetria wako


Ndanda,
7 Julai 2024

Demetria,

Nilikukataza. Kwa maandishi nilikukataza.

Umenitengenezea gari la mtu mwingine. Rudisha valvu igonge. Rudisha ekzosi yangu. Kama umeitupa, kaitafute. Kama huwezi, nirudishie vyuma vyangu nijue moja.

Sina zaidi.

Gaspar


Mbagala Charambe,
21 Julai 2024

Shikamoo mjomba.

Hatujambo, sitaki kusema uongo, mie sijambo kwa mwili tu.

Barua yako nimeisoma nimesimama pale stendi Rangi Tatu, Khalfani kaniuliza, sista, kuna msiba? Nikamwambia hapana, ni asante. Kweli mjomba? Tangu masika sijalala Jumapili hata moja. Vidole vimepasuka, nikishika chumvi najuta kuzaliwa. Edgar anakula ugali uliopoa na hasemi kitu, na kunyamaza kwake ndiko kunaniumiza. Halafu wewe neno lako ni "nilikukataza".

Hakuna fundi duniani anayeambiwa aiharibu injini nzima ili iwe mbovu kama zamani. Ningekuwa na akili za watoto wa mjini ningekwambia sawa, njoo uchukue vyuma vyako. Lakini wewe ndiye uliyenilea baba alipotukimbia. Kwa hiyo nauliza kwa adabu: kwa nini?

Na nauliza la pili. Kila barua unaandika "Mama Mauwa yupo". Yupo vipi? Mbuzi naye yupo. Mficha maradhi kifo humuumbua, mjomba, wewe mwenyewe ulinifundisha. Sitashika spana mpaka unijibu.

Demetria


Ndanda,
25 Agosti 2024

Mpwa wangu Demetria,

Umenisema vizuri. Nimeisoma barua yako nikaikunja, nikaisoma tena, nikaona aibu. Vidole vyako upake mafuta ya nazi usiku, ufunge kitambaa.

Nitakuambia, na baada ya hapo usinionee huruma kwa sauti.

Mauwa amenisahau.

Alianza kwa kusahau chumvi. Tukacheka. Baadaye akasahau njia ya kisimani, akasahau majina ya majirani. Mwaka juzi asubuhi moja aliniangalia nikiwa nakunywa uji, akasema, karibu baba, umetokea wapi? Nikasema ananitania, unajua Mauwa alivyo na utani. Hakuwa ananitania.

Lakini Landrova hakuisahau. Wewe umekulia hapa, unakumbuka. Nikifika kule kwenye kona ya mikorosho, yeye huku ameshasikia ile tak, tak-tak na ule mngurumo wa bomba. Anaacha chochote anachokifanya, anamimina maji ya moto kwenye ndoo, anaipeleka bafuni, anatoa kigoda changu. Nikishuka, maji tayari. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kushuka garini nikakuta maji hayapo. Majirani walisema Mauwa ana masikio ya paka.

Basi hata alipokuwa hanijui mchana kutwa, jioni nilikuwa nachukua gari, naenda hadi njia panda, nageuza, narudi. Akisikia tu, anatoka na ndoo. "Gaspar, umerudi?" Hapo ninakuwa mume wake mpaka anapolala. Watu walisema mzee amerukwa na akili, anachoma dizeli kwenda kununua kiberiti. Niliwaacha waseme.

Tangu gari lilipokufa, mimi sijarudi nyumbani. Ndivyo anavyojua yeye. Mume wake yuko safari. Mimi ni mzee fulani aliyeomba hifadhi. Nalala barazani, maana amesema mwanamke wa watu halali nyumba moja na mwanaume asiyemjua, na kusema kweli ana haki. Siku za mwanzo alinipikia kwa heshima. Kisha akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na akanipa jembe kweli. Nikalima. Shamba langu mwenyewe.

Haya yote ningeyavumilia. Ila hali chakula, Demetria. Nikimwekea anasema siwezi kula kabla mume wangu hajafika. Anakifunika. Anaonja kidogo asubuhi nikimbembeleza, basi. Amekwisha, ukimshika mkono unaona haya. Muuguzi wa hapa anasema tumbo lake halina ugonjwa, anatakiwa ale tu.

Nilimwazima Adelard kigari chake kidogo nikaja nacho jioni, nikapiga na honi. Mauwa akasema wageni hao, akafunga mlango. Ndiyo sababu nilikataa Haisi. Ndiyo sababu nilikataa na silensa yako. Si kwamba kazi ni mbaya. Kazi ni nzuri mno, na yeye hataijua.

Na simu, nikuambie na hilo. Ulipiga siku moja Mauwa akapokea, akasikia sauti yako ndani yake. Akasema, kuna mtoto humu ana kiu. Akaitia mtungini anywe.

Nimechoka, mpwa wangu. Sikukuandikia kwa sababu nikiliandika linakuwa kweli.

Mjomba wako,
Gaspar


Mbagala Charambe,
6 Oktoba 2024

Shikamoo mjomba. Sikuonei huruma kwa sauti. Nimemaliza kulia kabla ya kushika kalamu.

Edgar anakusalimu. Nilipomsomea barua yako aliinuka akatoka, akakaa nje, na aliporudi akaniambia, ile ekzosi ya mjomba ninayo. Kumbe aliichukua kwenye vyuma nilivyotaka kumpa mwokota skrepa, akaifanya mguu wa meza yake ya kazi kule Keko. Kesho yake tukaenda wote. Akaiangusha meza yake, mafundi wenzake wanamshangaa, akaling'oa lile bomba, akaninyooshea. Hakusema kitu, na safari hii kunyamaza kwake kulikuwa kuzuri.

Ekzosi ilikuwa rahisi. Valvu ndiyo imenitoa jasho. Nilidhani kuilegeza ni kuilegeza tu. Wapi! Nikiilegeza kidogo inanong'ona. Nikizidisha inapiga kelele kama sufuria linaloburutwa. Kwa muda mrefu nilikuwa nawasha, nasikiliza, nazima, nafungua tena, na bomba lako la maji linabweka mtaa mzima. Mama mwenye nyumba akaja amevimba. Tunu ndiye aliyemkabili. Alishaijua habari, aliniona nalia. Akaanua mashuka yake yote, akasema, mwache apige, mama, kuna mwanamke anasubiri kula. Mama mwenye nyumba akarudi ndani, akatoka na kiti, akakaa kusikiliza na sie.

Mwisho niliacha kupima. Nikafumba macho nikajirudisha pale jikoni kwenu, nimechuchumaa namenya mihogo na Mama Mauwa. Nikakumbuka anavyoinua kichwa. Sikuukumbuka mlio, nilikumbuka shingo yake. Nikageuza nati kidogo sana, na hiyo hapo: tak, tak-tak.

Mafundi wenzangu wakijua watanicheka mpaka Pasaka. Lakini sikiliza, nakuambia kama fundi. Injini ikigonga hivyo inajila yenyewe polepole. Ndani ni mpya, lakini hiyo valvu itakula chuma cha jirani yake. Sikuahidi miaka kumi. Ukiiendesha kwa upole, labda miwili.

Gregori anashuka na lori kufuata korosho, ameipakia. Mwambie Adelard afunge kama nilivyochora, na ile valvu asiiguse hata mkono ukimwasha.

Nawapenda. Mwambie hata kama hatajua ni nani.

Demetria


Ndanda,
17 Novemba 2024

Mpwa wangu Demetria,

Marahaba kwa salamu zako zote. Korosho zimeanguka vizuri mwaka huu. Magoti yangu yale yale. Mama yako Mauwa leo nina habari zake, kwa hiyo kaa chini.

Injini ilifika bila mkwaruzo. Adelard aliifunga uani kwake, nilitaka Mauwa asisikie kabla ya wakati. Ilipowaka, akashika bisibisi. Nikamuuliza, unakwenda wapi? Akasema, mzee, valvu inagonga. Nikashika mwichi wa kinu cha mkewe, nikasimama karibu naye mpaka akafunga boneti.

Jioni nikavaa shati safi. Nikaendesha. Nikuambie ukweli, niliogopa kama siku niliyoenda kuposa. Nilijisemea, kama akisema wageni hao, basi nitageuza gari na sijui nitakwenda wapi. Kwenye kona ya mikorosho nikapunguza mwendo, nikaiacha ijisemee yenyewe.

Nilipoingia uani mlango ulikuwa wazi na jikoni hakuna mtu. Halafu nikamwona anatoka bafuni, amejipinda, anafuta mikono kwenye kanga. Ndoo ilishafika. Kigoda kimeshatolewa.

Akasema, "Gaspar, umechelewa."

Nikasema, "Njia mbaya, mke wangu."

Nikaoga. Maji yalikuwa ya moto sana, hakuyapima, nikaoga hivyo hivyo. Nilipotoka alikuwa ametandika mkeka, na alikula, Demetria. Alikula ugali, akamega tena, akalamba na mchuzi kwenye vidole. Mimi nilikuwa namwangalia yeye tu. Akaniuliza mbona siku hizi silali vizuri, nimezeeka.

Tangu siku hiyo kila jioni nakwenda njia panda na kurudi. Umesema miaka miwili. Inatosha. Sidhani kama tutahitaji zaidi ya hapo, mmoja wetu au wote.

Nikumalizie na jambo ambalo sijamwambia mtu. Jioni ile ya kwanza, tulipomaliza kula, alisogea karibu, akaangalia barazani kama anayeogopa kusikika. Akaniambia hivi: "Ulipokuwa safari alikuja mzee mmoja akakaa hapa. Mtu mwema. Ananichotea maji, analima, hana maneno mengi. Mara nyingine nimemsikia analia. Usimfukuze, Gaspar. Hana kwao. Mpe chakula."

Nikamwambia ameshakula, na ameshiba.

Mjomba wako,
Gaspar